Mpaka wa mabamba unapita baharini mbele ya Mtwara na Lindi. Nani aliuona?

Mlinzi wa Nyavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Shangani, Mtwara mjini. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Mwenye swali aulize palepale, asingoje mwisho.

Juzi mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, alinijia na daftari lake la jiografia. Mwalimu kawachoresha ramani ya dunia, na juu yake mistari myekundu minene inayokata bahari na nchi kavu. Pembeni ameandika: mipaka ya mabamba ya ganda la dunia. Akaweka kidole juu ya mstari mmoja akaniuliza, "Mjomba, hii mistari nani aliiona?"

Nililala na swali lile. Lilikuwa zito kuliko maelezo yote ya daftarini. Mpaka wetu na Msumbiji tunaujua, ni Mto Ruvuma, ukifika kivuko cha Kilambo unayaona maji yake. Mpaka wa mabamba hauna mto wala bikoni. Sehemu kubwa yake imelala chini ya maji, kilomita mbili, tatu, nne, gizani. Hakuna aliyeutembea kwa mguu toka mwanzo hadi mwisho. Mistari ile ilichorwa na matetemeko yenyewe, volkano zikaja kutoa ushahidi wao, na kitako cha bahari kikatoa wa kwake. Huku kusini tumezoea kusema tetemeko ni mambo ya Mbeya na Kagera. Kumbe mmoja wa mipaka hiyo unapita baharini mbele yetu, na bamba tulilokalia lina jina la mto wetu. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Msingi wenyewe kwa ufupi, kwa aliyesahau shule: tabaka gumu la juu la dunia, lenye unene wa kilomita 100 hivi, limekatika vipande vipande. Vipande hivyo ndivyo mabamba, navyo vinasogea, vingine sentimita kadhaa kwa mwaka, vingine milimita chache. Katikati ya bamba kwa kawaida ni shwari. Vurugu iko ukingoni, mabamba yanapoachana, yanapogongana au yanapopishana ubavu kwa ubavu. Ukijua vurugu inatokea wapi, umeujua ukingo.

Naanza na tetemeko.

Usiku wa 12 Agosti 2020 nilikuwa Kilwa Kivinje, nimekaa barazani kwa mwenyeji wangu, chai imeshamiminwa. Saa 2 na robo hivi kikaja kishindo chepesi, kama mtu kaegemea mlango kwa bega. Kikombe kikalia juu ya kisahani. Miaka ya nyuma kuna fundi mmoja wa meli ya utafiti (habari za meli nitazieleza) aliwahi kunifundisha kwamba ukisikia kishindo cha kwanza, anza kuhesabu hapohapo. Nikahesabu. Nilipofika ishirini baraza likayumba sawasawa, mlango wa uani ukajipiga wenyewe, mwenyeji wangu akawakumba wajukuu akatoka nao nje.

Maana ya kuhesabu ni hii. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili ndani ya mwamba. La kwanza husukuma na kuvuta, nalo hukimbia kama kilomita 6 kwa sekunde. La pili hutikisa kwa ubavu, mfano wa kamba ya jahazi unapoichezesha, na mwendo wake ni kilomita 3.5 hivi. Yanatoka pamoja, ila kadiri safari inavyorefuka ndivyo la pili linavyoachwa. Kila sekunde moja ya kuachwa ni kama kilomita 8 za umbali. Ishirini mara nane ni 160. Taarifa zilipotoka, kitovu kilikuwa baharini, kusini mashariki mwa Dar es Salaam, upande wa Mafia, na ukubwa wake ulikaribia 6. Chukua ramani upime toka Kivinje.

Lakini angalia: hesabu yangu ilinipa umbali, haikunipa upande. Ningeweza kuchora duara kuzunguka Kivinje na kitovu kikawa popote juu ya duara lile, hata nchi kavu upande wa Liwale. Ukipata mtu wa pili aliyehesabu, na wa tatu, maduara matatu yatakatana mahali pamoja. Vituo vya kupima matetemeko hufanya vilevile, ila vyenyewe ni mamia na hesabu inafanywa na kompyuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilitandaza duniani vituo zaidi ya 100 vyenye mashine za aina moja. Shabaha kubwa ilikuwa kunasa majaribio ya mabomu ya nyuklia chini ya ardhi. Vikawa vinanasa kila kitu kinachotikisika. Mwaka 1969 Muawia Barazangi na James Dorman wakatoa ramani ya vitovu vya matetemeko ya kuanzia 1961 hadi 1967. Ni nukta tupu, maelfu kwa maelfu, hakuna mstari hata mmoja uliopigwa kwa rula. Ukiitazama unaona mistari. Nukta zimejipanga katikati ya Bahari ya Atlantiki kama siafu njiani, zimezunguka Pasifiki yote, zimeingia Bahari ya Hindi na kugawanyika mapande matatu, zimeshuka Bonde la Ufa. Na kati ya mistari hiyo kuna maeneo mapana yenye nukta za kuhesabika. Binti wa dada yangu akisoma hapa, jibu la "nani aliiona" linaanzia kwenye ramani ile.

Kusi la Mchinga

Mkuu, nimekaa mkao wa kula. Ila niulize kitu kinachosemwa sana vijiweni huku Lindi: haya matetemeko ya baharini hayaletwi na gesi inayochimbwa? Tangu watoboe Songo Songo na Mnazi Bay ndipo tumeanza kusikia haya.

Mlinzi wa Nyavu

Ndugu yangu, swali la haki kabisa, na wenye kuuliza wasibezwe. Yapo maeneo duniani ambako kusukuma maji taka kwenye visima virefu kumeleta mitikisiko. Sasa tupange tarehe za kwetu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, lakini Songo Songo ilianza kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2004, na Mnazi Bay ikafuata baadaye. Mei 1985 yalipiga matetemeko mawili yaliyofikia ukubwa wa 6 katika bahari iliyo mashariki ya mdomo wa Ruvuma. Hapo hakuna aliyekuwa akivuna gesi huku. Rudi nyuma zaidi: Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga Rukwa, na hadi leo ndilo kubwa kupita yote yaliyopimwa kwa mashine katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Nguvu inayosukuma matetemeko haya iko kilomita kumi, ishirini na zaidi kwenda chini, mbali kabisa na visima vya gesi. Kinachovuta ni bamba zima.

Chubwi

Assalaam aleikum. Mimi mvuvi wa Msimbati, sijasoma jiografia ya kukaa darasani. Nina neno moja. Ukitoka nje ya mwamba kwetu, mshipi unagusa chini pima ishirini. Unasogea kidogo tu, huli hata kipande cha mhogo, unautoa mshipi wote na chubwi halijagusa. Maji yanageuka rangi, yanakuwa meusi. Wazee walituambia pale ndipo dunia ilipokatika. Ndio huo mpaka unaousema?

Mlinzi wa Nyavu

Waaleikum salaam, nahodha. Nashukuru umekuja, maana unayajua maji haya kwa mkono.

Pale unapopasema si mpaka wa mabamba. Ni ukingo wa bara. Afrika haiishii ufukweni, inaendelea chini ya maji kama kibaraza, halafu inadondoka. Kwingine duniani kibaraza hicho kina upana wa kilomita mia na zaidi. Kwetu Mtwara ni chembamba mno, ndiyo maana chubwi lako linakosa chini mapema. Wazee hawakukosea waliposema pamekatika, maana ukingo ule ulizaliwa siku nyingi sana nyuma Afrika ilipoachana na nchi nyingine. Ila bara na kitako cha bahari upande wa pili wake sasa vinasafiri pamoja, juu ya bamba moja. Mpaka wenyewe uko mbele zaidi, kama kilomita mia hivi kutoka kwako, usipoona mwamba wala kisiwa.

Na hapa naingia kwa shahidi mwingine, kitako cha bahari.

Niliahidi habari za meli. Wakati wa utafiti wa gesi kwenye kina kirefu niliajiriwa kwa miezi minne kwenye boti ndogo iliyoisindikiza meli kubwa ya utafiti. Kazi yangu ilikuwa kuongea na wavuvi kwa redio na kwa mdomo, wasogeze nyavu na majarife, meli isiyakate. Meli ile ilivuta nyuma yake nyaya zenye vinasa sauti, kilomita kadhaa, na ilikuwa ikifyatua hewa iliyobanwa chini ya maji kila baada ya sekunde kama kumi. Sisi kwenye boti hatukuwa tunausikia mlipuko kwa masikio, tuliusikia kwa nyayo. Du. Unahesabu. Du. Usiku ukilala chini, mbao zinakugonga mgongoni. Sauti ile inashuka hadi chini, nyingine inarudi toka kwenye matope, nyingine inapenya na kurudi toka tabaka la chini yake, na la chini yake tena. Fundi aliyenifundisha kuhesabu alinionyesha karatasi iliyotoka: matabaka yamelazwa kama chapati, halafu ghafla yamekatwa wima, upande mmoja umeshuka. Akasema pale paliteleza. Tangu hapo sikuitazama tena bahari kwa jicho lile nililokuwa nalo kabla.

Wa kwanza kabisa kuona jambo hili kwa upana alikuwa mwanamke aliyekuwa hajapanda meli. Marie Tharp, Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1952 alikuwa mezani na wino, anaunganisha vipimo vya kina vilivyoletwa na meli zilizovuka Atlantiki. Wanawake walikuwa hawaruhusiwi kwenye meli hizo, basi wenzake walikusanya, yeye akachora. Katikati ya bahari kulikuwa na safu ya milima, hiyo ilishajulikana. Tharp akaona kitu zaidi: juu kileleni, katikati ya safu, kila mkato una bonde. Mkato wa kaskazini una bonde, wa kusini una bonde, yanafuatana. Akamwambia mwenzake Bruce Heezen kwamba ni ufa, kitako cha bahari kinapasuka. Heezen hakukubali. Wakati ule wazo la mabara kusogea lilikuwa la kuchekwa.

Kilichommaliza ubishi Heezen ni meza ya jirani. Howard Foster alikuwa akiweka alama za vitovu vya matetemeko baharini kwa ajili ya shughuli za nyaya za simu. Ramani zao mbili zilikuwa za kipimo kimoja. Wakaziweka moja juu ya nyingine, taa ikiwaka chini ya kioo. Matetemeko yamekaa ndani ya bonde la Tharp, yamefuata mkondo wake.

Mashahidi wawili waliohojiwa vyumba tofauti wakasema neno moja. Hapo ndipo jambo lilipoanza kusimama.

Na si hayo tu. Walipofuatilia ufa ule ukaingia Bahari ya Hindi, ukapanda hadi Ghuba ya Aden, na kutoka hapo ukaungana na Bonde la Ufa letu. Umbo la bonde lililo chini ya Atlantiki wakalilinganisha na la Afrika Mashariki, vikafanana. Yaani nchi yetu ndiyo iliyowasaidia kuelewa kitu kilichokuwa gizani chini ya maji, maana huku ufa uko wazi, mtu anausimamia.

Ushahidi mwingine mzito ulitoka Bahari ya Hindi hiihii. Mwaka 1962 meli ya Uingereza, HMS Owen, ilipima usumaku wa kitako cha bahari juu ya mgongo wa Carlsberg, safu iliyopo kati ya Somalia na India. Mwaka uliofuata Fred Vine na Drummond Matthews wakaeleza maana yake. Mwamba unaotoka moto kwenye ufa ukipoa unahifadhi mwelekeo wa usumaku wa dunia wa siku hiyo. Usumaku huo umegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini. Basi kitako cha bahari kina mistari, wa kawaida, uliogeuka, wa kawaida, uliogeuka, na upande wa kushoto wa ufa unafanana na wa kulia kama kanga doti: vipande viwili, nakshi moja. Ufa ndio mshono wa katikati. Mwamba mpya unazaliwa pale na kusukumwa pande zote mbili.

Mama wa Newala

Mwalimu hapa (nafundisha sekondari, nisitaje wapi). Nimeipenda hiyo ya kanga doti, nitaiba. Swali langu: ukiona nukta za matetemeko zimejipanga, utajuaje kama hapo mabamba yanaachana au yanagongana? Wanafunzi huniuliza na kitabu kinaruka haraka.

Mlinzi wa Nyavu

Bi Mwalimu, karibu sana. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipofurahia mno na huyu mtoto.

Jibu ni kina. Jumamosi tulitandika mkeka uani, juu yake ramani ya ukutani ya dunia. Orodha ya matetemeko ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, iko wazi mtandaoni bila malipo, tukachukua ya ukubwa wa 6 kwenda juu, miaka kumi. Kila tetemeko punje moja. Lenye kina kisichofika kilomita 70, choroko. Kati ya 70 na 300, kunde. Zaidi ya 300, mbaazi. Tulimfukuza kuku mara mbili.

Tulipofika Java, Indonesia, mtoto akanyamaza. Kusini ya kisiwa, kwenye handaki refu la bahari linaloshuka zaidi ya kilomita 7, ni choroko. Ukisogea kaskazini, chini ya kisiwa chenyewe, kunde zinaingia. Ukivuka kisiwa kwenda bahari ya ndani, mbaazi. Choroko, kunde, mbaazi, kwa mpangilio. Japani vivyo hivyo, ila kuelekea magharibi. Tonga vivyo hivyo. Akaweka kiganja chake kwa mshazari, vidole vikielekea chini, akasema, "Mjomba, kuna kitu kinazama."

Ndicho hicho. Bamba la bahari linainama handakini na kuingia chini ya jirani yake, na linapasukapasuka njia nzima hadi karibu kilomita 700. Mjapani Kiyoo Wadati aliuona mteremko huu tangu miaka ya 1920 na 1930, na Hugo Benioff wa Marekani akauona baada yake, kabla hata dunia haijakubali habari za mabamba. Zaidi ya kilomita 700 karibu hakuna tetemeko.

Kisha tukatazama katikati ya Atlantiki na mgongo wa Carlsberg. Choroko tupu. Hakuna kunde hata moja. Mabamba yanapoachana, mwamba wa moto uko karibu na juu, laini, hauwezi kuvunjika kwenye kina. Bonde la Ufa letu nalo ni choroko tupu, ingawa huku kwetu baadhi zinashuka hadi kilomita 30 na zaidi, kwa kuwa bara letu ni la kale na baridi, gumu hadi chini.

Kipo kipimo kingine: mashine zinaonyesha kama wimbi la kwanza lilianza kwa kusukuma au kwa kuvuta, kituo kwa kituo. Kutoka hapo unajua mwamba uliteleza upande gani. Lynn Sykes mwaka 1967 alitumia njia hiyo kuonyesha kwamba pale migongo ya bahari inapokatika na kuhama hatua moja pembeni, mabamba yanapishana, kama John Tuzo Wilson alivyotabiri miaka miwili nyuma.

Kusi la Mchinga

Hili la mbaazi limenikalia. Sasa volkano? Maana huku Mtwara na Lindi sijaona hata mlima wa kutoa moshi. Kama mpaka uko mbele yetu, moto uko wapi?

Mlinzi wa Nyavu

Umenitoa mdomoni. Volkano ni shahidi anayesema kweli ila haji mahakamani kila siku.

Kwenye mahandaki kama ya Java anakuja bila kukosa. Bamba linalozama lina maji ndani ya mwamba wake. Likifika kama kilomita 100 chini, maji yanatoka, yanashusha kiwango cha joto la kuyeyukia cha mwamba wa juu yake, uji unapanda. Ndiyo maana volkano za Java zimepangwa mstari sambamba na handaki, kwa ndani. Mstari wa volkano unakuambia hata bamba linazama kuelekea wapi.

Kwenye ufa wa bara mambo ni ya kupatapata. Tawi la mashariki lina Oldoinyo Lengai, ambayo lava yake ni ya ajabu, ya joto la nyuzi 500 na kitu tu, wakati lava za kawaida hupita 1,000. Julai 2007 ardhi ya Natron ilitikisika mfululizo, Septemba Lengai ikalipuka. Lakini kwenye tawi la magharibi, Ziwa Tanganyika lote halina volkano, na mwaka 2005 lilipigwa tetemeko la 6.8. Ukimsubiri shahidi wa volkano pale, utasema hakuna mpaka. Volkano zipo Mbeya, Rungwe na Ngozi, kwenye njia panda ya nyufa tatu.

Na kuna kinyume chake. Kisiwani Réunion kuna volkano inayolipuka karibu kila mwaka, nayo iko katikati ya bamba. Ile ni mkondo wa moto unaopanda toka chini sana. Kwa hiyo volkano peke yake haitoshi kumpa mtu mpaka. Ni lazima mashahidi wakutanishwe.

Mfano wa kuwakutanisha uko jirani zetu Komoro. Mayotte, Mei 2018, watu walianza kuona matetemeko mfululizo, kila siku, wiki kwa wiki, moja likafika karibu 6. Watu wakalala nje. Hakuna mlima uliotoa moshi. GPS zikaonyesha kisiwa kinasogea mashariki na kuzama kidogo kidogo. Tarehe 11 Novemba mashine za dunia nzima zikanasa mngurumo wa taratibu, mzito, wa dakika kama ishirini, ambao mtu hawezi kuuhisi. Mei 2019 meli ya Ufaransa, Marion Dufresne, ikapima kitako cha bahari kilomita 50 mashariki ya kisiwa. Kwenye ramani ya zamani palikuwa tambarare. Sasa pana mlima wa mita 820, umesimama kwenye maji ya mita 3,500. Volkano mpya kabisa, leo inaitwa Fani Maoré. Tetemeko lilisema, ramani ya kitako cha bahari ikathibitisha, moto ukapatikana. Ngazidja, yenye mlima Karthala, haifiki kilomita 400 kutoka hapa nilipokaa. Na wapo wataalamu wanaousoma mstari huo wa Komoro kuwa ni ukingo wa bamba.

Sasa tuje kwetu.

Kwenye vitabu vingi utaona Afrika imegawanyika mara mbili, Bamba la Nubia magharibi na Bamba la Somalia mashariki, ufa katikati. Tangu miaka ya 2000 vipimo vya GPS na matetemeko vimeonyesha kuna vipande vidogo kati yake. Kimoja ni Victoria, kimelibeba ziwa la jina hilo. Kingine, kusini, ni Rovuma, kwa tahajia ya Msumbiji. Upande wake wa magharibi ni ufa wa Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki uko baharini: mgongo wa Davie na bonde la Kerimba. Mtwara, Lindi, Newala, Nachingwea, sote tumekaa juu yake. Linasogea milimita chache kwa mwaka, kiasi ukucha wako unachokua kwa mwezi.

Mgongo wa Davie una historia inayonigusa. Ndiyo njia iliyopitia Madagascar ikiachana na Afrika, ikiteleza kwenda kusini, kuanzia miaka milioni 165 iliyopita hivi. Dinosaria wa Tendaguru, hapo Lindi, waliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Mifupa yao imelala kwenye matabaka yanayopishana na matabaka ya bahari, maana maji yalikuwa yanaingia na kutoka wakati kisiwa kile kinateleza. Kisha mgongo ukanyamaza. Leo kovu lilelile linavutwa upya: matetemeko ya Mei 1985, na mengine madogo, yanaonyesha mwamba unavutwa mashariki na magharibi, unafunguka. Mahali palipowahi kukatika ndipo panapokatika tena.

Chubwi

Nahodha nimekuelewa. Marehemu babu alisema dunia iko juu ya pembe ya ng'ombe, akichoka anaihamishia pembe ya pili, ndipo tetemeko. Sasa kwa usalama wetu, maji yakija?

Mlinzi wa Nyavu

Babu alikuwa anasema kitu kikubwa: kilicho chini yetu hakijatulia, kina zamu zake. Mungu amrehemu.

Usalama. Mwaka 2004, tarehe 26 Desemba, tetemeko la 9.1 la Sumatra lilitokea kabla ya alfajiri kwa saa zetu, na mchana wa siku hiyohiyo bahari ikavurugika hadi Afrika Mashariki. Somalia walikufa watu mia kadhaa, na Tanzania tulipoteza watu, wengi wao waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Mawimbi makubwa namna hiyo hutoka kwenye mahandaki, bamba linapozama. Mpaka wa kwetu unafunguka, matetemeko yake ni ya wastani. Hata hivyo ukiwa ufukweni ukatikiswa kwa muda mrefu hadi kusimama ni shida, au ukaona maji yanakimbia nje wakati si wa maji kupwa, usikimbilie kuokota samaki. Panda. Lindi mjini panda Mtanda. Msimbati ni tambarare, kimbilia bara mapema.

Mama wa Newala

Narudi na mrejesho. Leo darasani tumefanya ile ya choroko, kwa Afrika Mashariki na bahari yake tu. Watoto wameweka ya Ziwa Nyasa, Tanganyika, ya 1985 mbele ya Ruvuma, ya 2020 upande wa Mafia. Kijana mmoja aliyekaa nyuma siku zote kaja mbele, kaweka kidole mdomo wa Ruvuma akapandisha kaskazini baharini hadi Mafia, kisha akasimama. Ananiuliza mstari unakwenda wapi baada ya hapo. Nikamwambia nitamuulizia.

Mlinzi wa Nyavu

Mwambie aendelee kupandisha kidole kaskazini, apite kati ya Pemba na bara, aingie nchi kavu upande wa Tanga, afuate bonde la Mto Pangani. Wapo wanaoliunganisha tawi la mashariki la Bonde la Ufa na bahari kwa njia hiyo. Aweke choroko za ukubwa wa 4 kwenda juu pia, za 6 ni chache mno kwa eneo dogo. Akifika Kilimanjaro atazame kushoto kwake, Meru, na mbele kidogo, Lengai.